Mara yako ya kwanza kutafuta kopo la jiokeshi: tupeane uzoefu

Mpiga Soli
Jana nilikuwa natafuta risiti ya maji kwenye droo, nikakuta kikopo cheusi cha filamu, vile vya kamera za zamani, na papo hapo akili ikarudi Leipzig, Ujerumani, nilikokuwa mwanafunzi. Mwenzangu wa bweni alinitilia kwenye simu programu ya jiokeshi, akaniambia kwamba mchezo wenyewe ni mwepesi: mtu amekwisha kuficha kopo mahali na kuandika majiranukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo, kwenye tovuti, na kazi yako ni kulifikia, kutia jina lako kwenye karatasi iliyomo, kisha kulirudisha palepale. Ugumu wa kopo lile ulikuwa moja na nusu kati ya tano, nami nikaona nimepewa la watoto.

Nilizunguka benchi moja la bustani kwa dakika arobaini. Simu ilisema zimebaki mita nne, nikasogea, ikasema kumi na moja, nikarudi, ikasema sifuri ilhali nimesimama katikati ya matope. Bibi mmoja mwenye mbwa akaniuliza nimepoteza nini. Kwa kuwa nilikuwa nimeonywa kwamba wapita njia hawatakiwi kujua siri, nilijibu kwamba nimepoteza ufunguo, na yule bibi, Mungu amjalie, akamfunga mbwa kwenye mti akaanza kunisaidia kutafuta ufunguo usiokuwepo. Haikupita muda akapapasa chini ya benchi, akabandua kikopo kilichoshikwa na sumaku, akaniuliza kama ufunguo wangu umo humo.

Ninyi wenzangu mlianzaje?

Penseli Fupi
Hilo la mita sifuri katikati ya matope ndilo lililonitesa hata mimi. Naunga mkono kila neno.

Mpimaji Mstaafu
Vijana, msiilaumu simu. Mahali peupe simu ya kawaida hukosea mita tano hivi, chini ya miti mikubwa au kati ya maghorofa hukosea zaidi, na aliyeficha kopo naye alikuwa na kosa lake siku alipolificha. Mkifika mita kumi, tieni simu mfukoni na mtumie macho: tafuteni jiwe lililokaa kinyume na wenzake, au vijiti vilivyopangwa sambamba, kwa maana upepo haupangi vijiti.

Kabla ya Mei 2000 mchezo huu usingewezekana kabisa, kwa sababu Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayotumiwa na raia, hata kosa likafikia mita mia moja. Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe, na tarehe 3 Mei, siku zilezile, Dave Ulmer, Mmarekani aliyeuanzisha mchezo huu, akaenda kuficha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza kodineti zake kwenye intaneti. (Sisi kazini tulisema kodineti, majiranukta nimeyakuta uzeeni.)

Sina Haraka
Kwa heshima zote, mzee wangu, hiyo ndoo ilikuwa na nini hata watu wazima waache shughuli zao?

Mpimaji Mstaafu
Miongoni mwa vilivyokuwemo ni kopo la maharage.

Sina Haraka
Basi nimemaliza.

Mama Rehema, Minneapolis
Mimi nilianza kwa ajili ya watoto, ambao likizo ya kiangazi walikuwa wamenimaliza. Kopo letu la kwanza lilikuwa kwenye maegesho ya duka kubwa, na dokezo lilisema tu "inua sketi". Nilizunguka na haya zangu zote, kumbe nguzo za taa huku zina kifuniko cha chuma chini kabisa, kinachoficha nati, na kifuniko hicho huinuka juu kama sketi. Mwanangu akatoa gari dogo la plastiki, akaweka shanga, kwa kuwa kanuni ni kwamba ukichukua kitu uache chenye thamani ileile au zaidi.

Siku iliyofuata nikamtuma baba yao kwenye nguzo nyingine. Alikataa katakata, akaniuliza kama nimefikiria vizuri maana ya mwanamume mweusi kuzungukazunguka magari ya watu jioni huku akiinama chini ya nguzo. Sikuwa nimefikiria. Tangu siku hiyo twaenda sote, mchana, na watoto wakiwa mbele.

Nyayo za Karura
Dada, shemeji amesema kweli tupu. Nasi Nairobi, mtu asithubutu kuacha boksi lililofungwa karibu na jengo la biashara. Hata kule Wetherby, Uingereza, mwaka 2011, mtu alionekana akiweka kikopo nje ya mkahawa, polisi wakaitwa, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Tumieni kopo la plastiki linaloonyesha ndani, mliandike wazi kwamba ni la mchezo, na muombe ruhusa ya mwenye eneo.

Penseli Fupi
Mimi huvaa kizibao cha kung'aa kama cha mafundi wa barabara, na hakuna anayeniuliza lolote.

Nyayo za Karura
Ndugu, ushauri huo ni wa hatari. Siku utakapoulizwa kitambulisho cha kazi, kizibao hicho ndicho kitakachokufunga.

Mshambaa wa Mjini
Nimesoma habari za ufunguo nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Nilikwenda Lushoto kumwona shangazi, na kwa kuwa wageni wengi hupita huko kutembea milimani, nikafungua programu na kukuta kopo moja kilomita tatu kutoka nyumbani kwake. Dokezo la mwenye kopo lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizogeuzwa, ile njia ya kubadilisha A kuwa N na B kuwa O, hivyo nikakaa kibarazani na kalamu nikigeuza "wvjr" mpaka ikatoka "jiwe". Wanaoijua Usambara wanajua dokezo hilo lina msaada kiasi gani.

Mahali penyewe palikuwa juu ya njia ya miguu, jirani na msingi wa nyumba ya tangu enzi ya Mjerumani, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Nilianza kuinua mawe, simu mkononi, nikirudi nyuma na kuhesabu hatua. Sikujua kwamba watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikwisha kukimbia kijijini kutoa taarifa kwamba kuna mtu amekuja na mashine ya kupimia mali ya Mjerumani.

Nilipoinua kichwa walikuwa wamenizunguka watu kama ishirini, wengine na majembe. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole uliozidi, "Mwanangu, ramani umepewa na nani?" Nikaeleza setilaiti, nikaeleza mchezo, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo zaidi, kwa maana nani atatoka mjini kwa nauli yake kuja kutafuta kopo lisilo na kitu? Mwenyekiti alipofika aliamuru tulitafute sote. Kijana mmoja akalitoa kwenye ufa wa jiwe, kopo la plastiki la siagi ya karanga, na watu wote wakarudi hatua moja nyuma. Nikalifungua mimi. Ndani mlikuwa na daftari lililolowa pembe, kibanio cha nywele na sarafu ya kigeni.

Ukimya ule sitausahau. Mwenyekiti akasoma majina ya wageni waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kwamba kama hiki ni kitabu cha wageni wa kijiji chake, basi hakina uhalali bila muhuri. Tukashuka naye hadi ofisini, akagonga muhuri chini ya jina langu, akaweka sahihi na tarehe.

Mama Rehema, Minneapolis
Muhuri! Nimemsomea baba Rehema kwa sauti.

Sina Haraka
Hapo kosa ni lako. Ungepita kwanza kwa mwenyekiti ukajitambulisha, kama mgeni yeyote mwenye adabu.

Penseli Fupi
Njia ile ni ya umma, Bwana Sina Haraka, na nilidhani ulisema umemaliza.

Sina Haraka
Njia ni ya umma, mawe yana wenyewe.

Mshambaa wa Mjini
Sibishani naye, hata shangazi alisema hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi.

Mpiga Soli
Na kopo bado lipo? Nataka kulifuata Desemba, nami nipate muhuri.

Mshambaa wa Mjini
Nilirudi baada ya mwaka mmoja. Jiwe lilikuwa limepinduliwa, na mahali pake pana shimo. Kanuni za jiokeshi zinakataza kuchimba ardhi ili kufukia kopo bila ruhusa ya mwenye eneo, lakini hilo nani angewaeleza?

Mpimaji Mstaafu
Shimo lilikuwa na kina gani?

Mshambaa wa Mjini
Lilinifika kifuani, mzee, na pembeni yake palikuwa na ngazi.