Naomba ushauri: binti yangu wa darasa la saba asome hadi Jumamosi?

Habari zenu wakuu. Nina binti yuko darasa la saba, shule ya serikali huku Mbagala. Anaamka saa kumi alfajiri, maana makonda wakiona sare wanamwacha kituoni. Nauli ya mwanafunzi, shilingi 200, hawaitaki. Juzi nimemkuta amelala juu ya daftari la hesabu, kalamu bado mkononi, wino umemchora shavuni. Iliniuma sana.

Sasa kikao cha wazazi kimepitisha masomo ya ziada kila Jumamosi, na mchango juu yake, kwa sababu mtihani wa taifa ni Septemba. Mimi naona siku tano zinatosha kabisa. Kule Colorado, Marekani, wilaya nyingi zinasoma siku nne tu kwa wiki, ingawa wao siku zao ni ndefu zaidi.

Ninachoogopa ni kwamba nikimzuia, mwalimu atafundisha mada mpya na wenzake watamwacha. Darasani wamejazana zaidi ya 90, nani atamrudia yeye peke yake?

Mliowahi kukataa, mliongeaje na mwalimu mkuu bila mtoto kuchukiwa? Na Jumamosi mlimpangiaje kusoma nyumbani?