Ruzuku za utafiti kwa kampuni ndogo ya teknolojia: COSTECH, FUNGUO, UNICEF au zile za Marekani?

Fundi_Ghala: Wakuu habari za leo. Tuko watatu hapa Dodoma, tunatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mahindi ghalani, maana ukivuka asilimia 13.5 kuvu wanaingia, na sumukuvu ya 2016 iliua watu huku Dodoma na Manyara. Usajili wa kampuni wa BRELA na TIN ya kodi tunavyo, kifaa cha majaribio kinafanya kazi. Tunataka hela isiyochukua hisa. Tuanzie wapi?

Binti_Maabara: Kaka mi nashauri COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ipo kwa sheria ya 1986, na mfuko wao wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, ndo unaogharamia utafiti. Ila wanaosoma maandiko ni wanasayansi, ukiwaandikia "app yetu itabadilisha kilimo" wanakuweka pembeni, wao wanataka swali la utafiti, utapima nini, kwenye maghala mangapi, utalinganisha na nini. Msiingie peke yenu. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mko nao hapo hapo, chuo cha kilimo cha SUA wapo Morogoro, tafuteni mhadhiri wa mambo ya chakula muandike pamoja, yeye ana maabara nyie mna kifaa.

kodi_wazi: Mi ningeenda Mfuko wa Ubunifu wa UNICEF. Wanatoa hadi dola 100,000, hawagusi hisa, na kampuni iliyosajiliwa Tanzania inaruhusiwa. Masharti mawili yanawashinda wengi: programu iwe huria, yani kila mtu aione na aitumie, halafu ionekane inamsaidia mtoto vipi. Hilo la pili mnalo, sumukuvu inahusishwa na udumavu. La kwanza kaeni mkubaliane nyie watatu kabla ya kuomba.

Mtu_wa_Minnesota: Zile za Marekani, SBIR, ruzuku za serikali ya huku kwa utafiti wa kampuni ndogo, ziacheni tu ndugu zangu. Zilianza 1982, na hela ni nyingi kweli, za NSF, taasisi ya sayansi ya serikali, awamu ya kwanza zimewahi kufika dola 305,000, ila kampuni lazima iwe ya Marekani, zaidi ya nusu imilikiwe na raia au wenye ukaazi wa kudumu, na kazi ifanyike huku. Na msije mkamwomba binamu mwenye green card asajili kampuni ya jina tu, hiyo ni kesi.

Jamaa_wa_Eldoret: Huku Kenya tuko na NRF, mfuko wa taifa wa utafiti, na KENIA, wakala wa taifa wa ubunifu, zote za sheria ya 2013, lakini NRF naona inaegemea vyuo sana. Mimi nawaambia pia muangalie Africa Prize, tuzo ya wabunifu wa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda ile ya kwanza 2015 na chujio lake la maji, Norah Magero wetu akashinda 2022 na friji ya chanjo. Hata usiposhinda, ukiingia orodha fupi unapata miezi ya mafunzo, na hiyo ndiyo ilinivutia.

Fundi_Ghala: Asanteni sana. FUNGUO je? Na kuna jamaa anasema ana mtu ndani, tumlipe laki tano atupitishie.

MamaTeki: Usimpe hata mia!! Ruzuku ya kweli haina ada ya kuomba, huyo kishoka. FUNGUO ni mpango wa kusaidia kampuni changa, iko chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianza na hela za Umoja wa Ulaya, na hao wanaangalia biashara zaidi kuliko utafiti, kwahiyo wapelekee wateja na risiti. Ila popote utakapoenda mdogo wangu jua hela inakuja kwa mafungu, unamaliza hatua, unaandika ripoti, ndo fungu lingine linatoka, na linachelewa. Mishahara msiitegemeze huko. USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa 2025 kuna wenzetu walibaki na miradi nusu na wafanyakazi mlangoni, bado inaniuma. Mi ningeanza na UDOM mpate takwimu za msimu huu, takwimu hizo hizo zitawafaa COSTECH na UNICEF.

Fundi_Ghala: Nimekupata dada. Jumatatu tunaenda UDOM, na huyo jamaa nshamblock.

mzee_Kibaigwa: Kijana, mimi nina ghala hapa Kibaigwa. Hicho kifaa bei gani?