Mgombea kupakwa mafuta na nabii: bado mnamwamini?

Chalii wa Ngarenaro: Jumapili mgombea wetu wa udiwani kapakwa mafuta hadharani na yule nabii anayehubiri kwamba kisukari na presha ni mapepo. Kesho huyu ndiye wa kutupigania dawa za zahanati? Mimi kura yangu naanza kuikunja. Mnasemaje?

Meku_Kibosho: Kila mwanasiasa ana mchungaji wake wa aibu. Obama kakaa miaka 20 kwa Jeremiah Wright kule Chicago, ndiye aliyemfungisha ndoa. Video za mahubiri ya kuilaani Marekani zilipozagaa 2008, akamruka siku hiyo hiyo na urais akachukua. Tulieni.

Mama Faraja: Siku hiyo hiyo wapi, kaka? Machi alihutubia Philadelphia, akasema maneno yale anayapinga ila mtu mwenyewe hawezi kumkana. Aprili mchungaji akarudi kwenye kamera, ndipo akamkana. Kanisani alitoka mwisho wa Mei. Yule aliulizwa, akajibu. Wetu ametujibu nini?

Meku_Kibosho: Sawa mwalimu. Ila watu wa Arusha kujifanya wasomi wa dini hapana, 2011 si nyie mliomaliza kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo?

Chalii wa Ngarenaro: Nyie nani?! Ile foleni ya kwa Babu kijijini Samunge ilijaa watu wa Moshi, migomba mliiachia ngedere.

Dereva Mto wa Mbu: Mimi nilikuwa napeleka abiria, niulizeni. Kikombe shilingi 500. Gari linasogea, mnapokezwa vikombe dirishani, mnakunywa, mnarudisha, mnaondoka. Vumbi la Engaruka meno yote yanakuwa kahawia. Babu hakutajirika, waliokula hela ni sisi wenye magari, nakiri.

Mama Faraja: Kumbe mpo! Mama mkwe wangu aliuza ndama kwa ajili ya nauli yenu. Kakaa siku tatu kwenye kiti, karudi na kisukari chake kile kile na miguu imevimba.

Mzee wa Sakina: Wanangu, marehemu asemwe kwa adabu. Alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT. 500 hata supu ya mbuzi hupati.

Meku_Kibosho: Shikamoo mzee. Hakuna aliyemtukana.

Mzee wa Sakina: Marahaba. Umesema "mliomaliza kikombe". Mimi nilikunywa.

Meku_Kibosho: Basi yaishe, mzee wangu.

Chalii wa Ngarenaro: Jamani, diwani! Hata mawaziri walipigwa picha na kikombe mkononi, na hakuna aliyewauliza kitu. Ndiyo maana nauliza huyu mapema.

Mama Faraja: Subiri kwanza. Dereva, nauli ilikuwa shilingi ngapi?

Dereva Mto wa Mbu: Mama mkwe alipandia wapi?

Mama Faraja: Kilombero.

Dereva Mto wa Mbu: Basi si mimi.