Ma-DM wa D&D wa Dodoma, mnatumia nusu ya sheria za farasi, na ni ile nusu inayoua

#1

Wakuu, nimeamua kuliandika hapa maana mezani halisikilizwi. Meza za D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza kwa kete, na DM ndiye anayeuendesha) za mji huu, toka Kisasa mpaka Nkuhungu, zimemgeuza farasi kuwa kitu cha kufa. Mchezaji anatoa sarafu 400 za dhahabu kununua farasi wa vita. Pambano linaanza, wapiga mishale wote wanamlenga mnyama, na raundi ya pili mpandaji yuko kifudifudi kando ya mzoga. Ukiuliza, DM anajibu "sheria ndivyo ilivyo". Si kweli! Hiyo ni nusu ya sheria. Nusu inayompa mpandaji njia za kumlinda mnyama wake hamjaisoma, au mmeisoma mkaiacha makusudi.

Nazungumzia toleo la 5, kitabu cha 2014. Cha 2024 nitakitaja pale kinapotofautiana.

Tuanze na hesabu. Farasi wa vita ana HP (uhai) 19 na AC (kinga, yaani namba ambayo kete ya mshambuliaji lazima ifikie) 11. Goblini, yule adui mdogo wa kawaida, akiwa na upinde anarusha kwa +4 (anaongeza 4 kwenye kete), kwa hiyo akipata 7 kwenda juu kwenye kete ya pande 20 amepiga, yaani asilimia 70. Kila mshale unakula HP 1d6+2 (kete moja ya pande 6, ongeza 2), wastani 5.5. Goblini wanne kwa raundi moja wanatoa wastani wa 15.4, hapo sijahesabu zile 20 kavu za kete, zinazoumiza zaidi. Ndiyo maana farasi hafiki raundi ya tatu. Yule wa safari wa sarafu 75, mwenye HP 13 na AC 10, kwa wastani anakufa raundi ya kwanza.

Sasa ile nusu mnayoiruka. Farasi anayeongozwa anahamia kwenye zamu ya mpandaji wake na anapewa vitendo vitatu vya kuchagua: Dash (kukimbia), Disengage (kujitoa bila kushambuliwa) au Dodge (kukwepa). Ni kitendo CHAKE, hakitoki kwa mpandaji. Mezani kwenu farasi anasogezwa tu, kitendo chake kinapotea bure, na kuna ma-DM wanaomdai mpandaji atoe kitendo chake ndipo farasi akwepe. Hakuna mstari unaosema hivyo. Farasi akichagua Dodge, adui anayeonekana na farasi anarusha kete mbili na kuchukua iliyo ndogo. Ile asilimia 70 inashuka mpaka 49, na zile 15.4 zinakuwa kama 10.8. Hujanunua chochote bado.

Zingatieni hayo maneno "anayeonekana na farasi". Farasi haoni gizani kama wale viumbe wanaoitwa elf. Ukipigana usiku bila taa, Dodge haimsaidii dhidi ya mishale inayotoka kwenye giza, na hapo DM yuko sahihi. Beba taa ya mafuta, au mpe mtu mwingine wa kikosi aibebe, lakini usilalamike.

Deraya ya farasi. Bei ni mara nne ya ile ya mtu, uzito mara mbili. Deraya ya minyororo ya mtu ni sarafu 75 na ratili 55, kwa hiyo ya farasi ni sarafu 300 na ratili 110. Hizo ratili 110 ni kilo 50, mfuko mmoja wa saruji. Farasi wa vita anabeba ratili 540, basi DM anayesema "atachoka" hajapiga hesabu. AC inapanda kutoka 11 mpaka 16, na goblini wale wanne wanashuka mpaka wastani wa 9.9. Angalieni hapo: sarafu 300 zimefanya kazi karibu sawa na Dodge ya bure. Ukiviunganisha vyote viwili, mshale unapiga kwa asilimia 20 na kidogo, na goblini wanne wanatoa wastani wa 4.5. Farasi yuleyule wa HP 19 sasa anamaliza pambano akiwa na miguu yake minne.

Kwa nini basi ununue deraya kama Dodge ni bure? Kwa sababu Dodge inaanza pale zamu yenu inapofika. Adui wakitangulia, farasi yuko AC 11 na hana kinga yoyote. Farasi wengi wanafia kwenye dirisha hilo la kabla ya zamu ya kwanza.

Mwenye pesa ndogo achukue magamba: sarafu 200, ratili 90, AC 14 pamoja na wepesi wa farasi ambao ni +1, jumla 15. Kwa tofauti ya sarafu 100 hayo ndiyo manunuzi bora kwenye orodha nzima. Mabamba kamili ni sarafu 6,000 kwa AC 18, na hapo ndipo wachezaji wanapoibiwa, maana wanadhani yatamkinga na moto. Hayamkingi. Fireball (uchawi wa mpira wa moto) ni 8d6, wastani 28, na inaamuliwa kwa kete ya kujiokoa ya wepesi. AC haihusiki kabisa. Dhidi ya DC (namba ya kufikia ili ujiokoe) 15 farasi wa vita anahitaji 14, yaani asilimia 35. Akiwa kwenye Dodge anarusha mbili na kuchukua kubwa, anafika kama 58.

Jambo lingine linalosahaulika: deraya nzito huvaliwa kwa dakika 10, ya kati dakika 5. Mkivamiwa kambini alfajiri farasi yuko uchi. Anayelinda zamu ya mwisho ndiye aanze kumvisha, msisubiri DM atangaze wolfu (mbwa mwitu).

Kinachonichoma zaidi ni kuanguka. Farasi akiangushwa, mpandaji anaruhusiwa kutumia riaksheni yake (kitendo cha haraka nje ya zamu, kimoja kwa raundi) kushuka na kutua kwa miguu. Imeandikwa. Nyinyi mnamwangusha moja kwa moja, kisha mnaongeza 1d6 ya kuanguka. Mmeitoa wapi? 1d6 ni ya kila futi 10, na mgongo wa farasi si futi 10. Madhara yake si madogo: kuinuka kunakula nusu ya mwendo, kupanda mnyama mwingine kunakula nusu iliyobaki, na mchezaji amemaliza zamu nzima kurudi alipokuwa. Mkimnyima riaksheni mmempiga mara mbili kwa kosa moja.

Halafu kipaji cha Mounted Combatant (mpiganaji wa farasini). Mtu ameacha kuongeza nguvu yake ili achukue kipaji hiki, halafu DM anamwambia "umetumia riaksheni, huwezi tena". Kipaji hakitaji riaksheni wala hakina idadi. Shambulizi lolote lililomlenga farasi unaweza kulielekeza kwako, yote manne ya raundi ukitaka. Mpandaji mwenye mabamba na ngao ana AC 20, goblini anahitaji 16, asilimia 25. Kwa cha 2014 unasema pale farasi anapolengwa. Kwa cha 2024 unasubiri shambulizi limpige farasi, ndipo unalihamishia kwako, na hapo linakupiga kweli, AC yako haikusaidii. Mkichanganya haya mawili kwenye meza moja mtagombana kila wiki, kwa hiyo chagueni kitabu kabla ya kukaa.

Tahadhari kwa wachezaji: paladini (shujaa wa imani) aliyeshikilia Bless (uchawi wa baraka) akijihamishia mishale minne, kila unaompata ni kete ya kujiokoa ya DC 10 asipoteze uchawi wake. Hamisha ile inayoua, acha ile ambayo farasi anaimudu.

Kipaji hichohicho kinamwokoa na Fireball: akifaulu haumii kabisa, akishindwa anapata nusu, wastani 14, na ana 19. Anaweza kufa kete zikiwa mbaya sana, lakini kwa kawaida anatoka hai.

Msinitafsiri vibaya. Sitaki farasi asiyekufa. Nataka sheria zote zitumike, si zile tu zinazomfurahisha anayeua.

#2

Mkuu, hasira nakuelewa, ila adui mwenye akili lazima amlenge farasi. Goblini si mjinga. Anaona mtu wa mabamba juu ya mnyama asiye na chochote, atampiga nani? Na sheria inasema wazi, mnyama akitoka pale adui anapofikia na kufungua shambulizi la fursa, adui anachagua kumpiga mpandaji au mnyama. Hilo tusilifiche.

#3

(mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, hilo la shambulizi la fursa sijalificha, na uko sahihi. Adui achague. Ila mpandaji naye ana dawa, na wengi hawaijui. Mkuki mrefu wa farasini unafika futi 10. Goblini anafika futi 5. Farasi ana mwendo wa futi 60. Msogeze hadi futi 10 kutoka kwa adui, simama hapo, choma, kisha rudi nyuma kwa mwendo uliobaki. Hukuingia kwenye zile futi 5 zake, kwa hiyo hakuna fursa ya kushambuliwa, na farasi hahitaji Disengage. Kitendo chake kinabaki kwa ajili ya Dodge. Na kwa cha 2014 mkuki huo ukiutumia ndani ya futi 5 unarusha kete mbili na kuchukua ndogo, kwa hiyo kusogea karibu ni hasara mara mbili.

Kosa ninaloliona ni mpandaji kuganda katikati ya adui watano kana kwamba amesimama kwa miguu. Hapo farasi akifa, amemuua mwenyewe.

Na kuhusu goblini mwenye akili: sawa, ampige farasi. Lakini wolfu, zombi na buibui nao mbona wote wanamjua farasi na kumwacha mtu?

#4

Naongezea upande wa makasisi. Mpeni farasi Sanctuary. Ni uchawi wa ngazi ya 1, kitendo cha ziada, futi 30, dakika moja. Anayetaka kumshambulia lazima kwanza afaulu kete ya hekima, akishindwa atafute mlengwa mwingine au shambulizi lipotee. Unavunjika kama aliyelindwa atashambulia. Farasi anayeongozwa hashambulii, anakwepa tu! Mpandaji anachoma kwa mkuki juu yake na Sanctuary inabaki, maana aliyelindwa ni farasi, si yeye. Goblini ana hekima ya -1, dhidi ya DC 13 anafaulu asilimia 35. Ikichanganywa na deraya ya minyororo na Dodge, mshale unampata farasi kwa asilimia 7 hivi. Haizuii Fireball wala pumzi ya joka, na mishale iliyogeuzwa inaweza kumfuata mpandaji, kwa hiyo awe amejiandaa.

Mchawi naye ana Mage Armor (deraya ya uchawi) kwa farasi asiye na deraya: AC 14 kwa wa vita, 13 kwa wa safari, saa 8. Mnaokodi farasi wa safari tumieni hiyo badala ya kununua chuma.

#5

Swali kwa wazoefu. Je, farasi ana ujuzi wa kuvaa deraya? DM mmoja anashikilia kwamba hana, hivyo anarusha kete mbili na kuchukua ndogo kwenye kila kete ya nguvu na wepesi. Na tandiko la kijeshi la sarafu 20, linasaidia au halisaidii?

#6

(mwanzisha uzi)

Kitabu cha 2014 kinauza deraya ya farasi bila kusema nani ana ujuzi nayo. Msimamo wangu: farasi wa vita amefunzwa, anahesabika ana ujuzi. Farasi wa safari na ngamia hapana, mpaka afunzwe. Kuuza deraya kwenye orodha halafu kumwadhibu kila anayeivaa hakuna maana. Punda wa sarafu 8 msimvishe kitu. Hapa kwetu kila mtu ameona punda na madumu yake manne ya lita 20, kilo 80, na anatembea vizuri. Kazi yake ni hiyo. Ana HP 11, mwacheni nyuma futi 100 na mtu wa kumshika.

Tandiko la kijeshi linatoa faida kwenye "jaribio" la kubaki juu ya mnyama, lakini sheria ya mpandaji mwenyewe kuanguka (si ile ya farasi kuangushwa) inataka kete ya kujiokoa ya wepesi, DC 10. Ukisoma neno kwa neno, tandiko halisaidii pale linapohitajika. Ma-DM wenye busara wanalihesabu. Ulizeni kabla ya kulipa hizo sarafu 20.

Kuna pengo lingine: farasi anachukua visanduku vinne, viwili kwa viwili, na kitabu hakisemi mpandaji yuko kwenye kipi. Ugomvi wote wa "nakufikia, hunifikii" unatoka hapo. Amueni mapema kwamba anahesabika yupo kwenye vyote vinne. Kwa wanaochora kwenye manila na kutumia vizibo vya soda, choreni visanduku vya sentimita 3.5, kizibo kinakaa vizuri, na farasi awe mfuniko wa kopo wa sentimita 7. Kizibo cha mpandaji kiwekeni juu ya mfuniko. Akishuka, kinashuka. Hakuna wa kubishana.

#7

Na farasi akifika HP 0, afe papo hapo?

#8

(mwanzisha uzi)

Si lazima. Kitabu kinasema wanyama na maadui kwa kawaida hufa wakifika 0, lakini DM ana ruhusa ya kumwacha mhusika maalumu azimie na kurusha kete za kifo kama mchezaji. Farasi mwenye jina aliyetembea na kikosi toka ngazi ya 1 ni mhusika maalumu. Mpeni kete zake za kifo. Aliye karibu amwokoe kwa kitendo kimoja: kumnywesha dawa ya 2d4+2, au jaribio la tiba la DC 10 amtulize. Wa paladini aliyeitwa kwa Find Steed hahitaji hayo. Akifika 0 anatoweka, na kwa cha 2014 anaitwa tena kwa dakika 10, HP zikiwa kamili. Ila dakika 10 katikati ya pambano hazipo, kwa hiyo hata yeye avae deraya.