Naomba uzamili niishie makumbusho: Historia au Urithi?

Mtani wa Ruvuma: Wakuu, habari za muda huu. Nina digrii ya ualimu, Historia na Kiswahili. Nataka uzamili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu nifanye kazi ya makumbusho. Niombe Historia, au niende Akiolojia na Urithi? Dirisha linakaribia kufungwa na usingizi sipati. Nawasilisha.

Mzee wa Nyaraka: Taja mada kwanza. "Napenda historia" haimpi mtu msimamizi.

Mtani wa Ruvuma: Majimaji huku Ungoni, kupitia vitu vilivyobaki majumbani.

Mzee wa Nyaraka: Basi Kijerumani uanze leo. Mafaili ya utawala wao yapo Nyaraka za Taifa, na mengi ni mwandiko wa mkono wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wa sasa: herufi e utaisoma n, s utaiona f. Miezi mitatu ya kunakili herufi tu, kila siku. Ukienda, beba barua ya chuo na penseli, wino uache nyumbani. Kila ukurasa unaonakili andika namba kamili ya faili, maana nukuu isiyo na namba haina kazi kwenye tasnifu.

Binti Kilwa: Mimi nina swali moja. Hivyo vitu viko wapi sasa hivi?

Mtani wa Ruvuma: Kwa wazee, dada.

Binti Kilwa: Vyote?

Mtani wa Ruvuma: Sawa. 31 ninavyo chumbani kwangu. Ngao, mikuki, ngoma mbili. Wazee walinipa kwa mdomo, nikawaahidi makumbusho ya kijiji. Kwao vingeliwa na mchwa au kuuzwa. Sioni kosa.

Kobe: Kosa lipo, ndugu yangu. Mzee akifariki, wanawe watauliza ngao ya babu iko wapi, nawe huna hata kikaratasi. Ahadi ni deni.

Jicho Pevu: Uzi huu siuamini. Jana unauliza kozi, leo una vitu 31? Huyu dalali anatafuta maelezo ya kuuzia. Kama si uongo, hebu tueleze hali ya hizo ngoma.

Mtani wa Ruvuma: Sijauza hata kimoja. Ngoma kubwa ngozi imekazwa kwa vigingi, kimoja kimetoka. Kila asubuhi chini yake kuna unga laini kama sembe, na mtini kuna vitundu vya ncha ya kalamu. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Mikuki nimeanza kuifuta kwa mafuta ya taa.

Jicho Pevu: Nafuta kauli. Hayo huwezi kuyatunga.

Binti Kilwa: Mafuta ya taa acha leo hii. Unafuta moshi, jasho na damu, yaani ushahidi wenyewe. Unga mpya kila siku maana yake wadudu bado wanakula. Ngoma itenge, ifunge kwenye nailoni juu ya karatasi nyeupe. Mikuki yenye mpini uliotobolewa ifunge nailoni mbili bila hewa, iingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiitoa usifungue mpaka siku nzima ipite, la sivyo mti baridi utavuta unyevu na kuota ukungu. Ngoma usiigandishe: ngozi iliyokazwa hupasuka. Iandikie Makumbusho ya Majimaji, Songea, mhifadhi aione.

Mzee wa Nyaraka: Na fomu, nakala mbili kila kitu: mwenye mali, kilitumikaje, ametoa au ameazimisha, tarehe, shahidi. Namba iwe kwenye kitambulisho cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, usiandike juu ya kitu. Picha yenye rula pembeni. Kwa hali hii omba Urithi.

Mtani wa Ruvuma: Lakini ada ya maombi ya Historia nimeshalipa. Na Majimaji ni historia.

Mzee wa Nyaraka: Basi baki Historia, ila omba msimamizi wa pili kutoka Urithi, na umwombe kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, si baada.

Mtani wa Ruvuma: Jumamosi naanza na mzee mwenye ngoma. Hajui kusaini.

Binti Kilwa: Dole gumba, wino wa muhuri, mbele ya mtendaji. Msomee fomu yote kwa Kingoni kwanza.