Tupeane uzoefu: Muvi mpya na tuzo za Oscars zilivyokutesa ukiwa huku Nyanda za Juu Kusini

Mleta uzi, Uyole
Wakuu, habari za baridi. Leo kwenye Hiace madogo wawili wamegombana toka Kabwe mpaka Uyole, kisa muvi za Avatar na Avengers: Endgame ipi imeingiza hela nyingi. Nikakumbuka 2019 nilivyopanda basi kwenda Dar kuiwahi Endgame, maana huku tungesubiri flashi. Mlima Kitonga lori limelala barabarani, masaa saba tumekaa. Dogo wa siti ya nyuma akamsomea mwenzake mwisho wa muvi kwenye simu, sauti juu. Nimefika Dar najua nani anakufa. Tiketi nilikata hivyo hivyo. Nani mwingine yamemkuta?

Mnyalukolo
Kitonga tena! Naunga mkono hoja.

Mtoto wa Sokomatola
Nyie wa juzi. Titanic ilikuja kanda mbili. Banda letu la video lilikuwa na ya kwanza tu, ya pili iko Mbalizi, na wenye mabanda walikuwa hawaongei. Meli ndo kwanza inaanza matatizo, taa zinawashwa, tokeni nje. Nikasikia imebeba Oscars 11. Nikajiuliza, kwa nusu hii tu?

Ndaga Fijo
Kidonda changu bado kibichi. Februari 2017, Tukuyu. Mimi na shemeji tuliwekeana mkungu wa ndizi: yeye La La Land iliyoteuliwa mara 14, mimi Moonlight. Jumatatu saa kumi alfajiri niko kwake, maana king'amuzi ni chake. Mvua inapiga bati hata TV huisikii, nimejifunga blanketi la mtoto. Saa mbili hivi wanapanda waigizaji wakongwe Warren Beatty na Faye Dunaway kutangaza muvi bora. Mzee anaichungulia bahasha, anachungulia tena, anampa mama. Mama anasoma: La La Land! Shemeji anaruka mpaka kikombe kinamwagika. Puu, umeme umekata.

Simu haina chaji. Nikaenda shambani kwenye mvua ile ile, nikakata mkungu, nikaubeba begani mpaka kwake. Utomvu ukaniharibia shati la kazini, halijatakata mpaka leo. Jioni wakapika, wakaniita, nikala. Usiku umeme unarudi, nachaji simu: kumbe walipewa bahasha ya mwigizaji bora wa kike! Mshindi ni Moonlight. Nampigia, ananijibu: "Shemeji, ndizi zishaliwa, tena na wewe umekula."

Parachichi la Njombe
Kwa hiyo unamdai mmoja au miwili?

Mnyalukolo
Miwili. Wa kurudisha na wa ushindi.

Mama Kihesa
Shemeji huyo ni kaka wa mkeo? Basi hesabu ni mahari, nyamaza.

Ndaga Fijo
Mahari nilimaliza 2014!

Mtoto wa Sokomatola
Nani kakudanganya mahari huwa inaisha?

Dogo wa Iyunga
Tuacheni ndizi. Endgame ndiyo namba moja duniani.

Parachichi la Njombe
Uongo. Iliipita Avatar Julai 2019, Avatar ikarudishwa China Machi 2021 ikachukua kiti chake.

Dogo wa Iyunga
Kurudisha muvi ya zamani ni wizi.

Parachichi la Njombe
Endgame yenyewe ilirudishwa Juni 2019 na kipande cha nyongeza. Huo siyo wizi?

Dogo wa Iyunga
Mtu mwenyewe hata sabufa huna.

Mtoto wa Sokomatola
Mkihesabu hela ilivyoshuka thamani, zote ziko chini ya Gone with the Wind ya 1939. Heshimuni wazee.

Mama Kihesa
Mabilioni ya Wazungu mnayajua. 2022 nchi yenu ilipeleka muvi ya Vuta N'kuvute Oscars, nani hapa aliifuatilia?

Dogo wa Iyunga
Kwenye flashi yangu haikuwepo.

Mama Kihesa
Ndo maana.

Parachichi la Njombe
Ushauri kwa mleta uzi: muvi ikitoka, zima data wiki mbili.

Mnyalukolo
Usizime. Soma mwisho kabisa, ulale kwa amani.

Mtoto wa Sokomatola
Subiri iliyotafsiriwa. Mtafsiri akiamua, hata aliyekufa anaongea.

Ndaga Fijo
Wakuu, shemeji ameona uzi. Anataka tuwekeane tena mwaka huu. Nimekubali, ila hakuna kukata ndizi mpaka umeme urudi.

Mnyalukolo
Huko Tukuyu? Zitaivia mgombani.