Grupu la ukoo: Rama na kontena la siku kumi

JUMANNE

Rama: Wakubwa shikamooni. Nimepita usaili! Ile shoo ya YouTube, siku kumi ndani ya kontena huko Kigamboni. Anayebaki wa mwisho anaondoka na milioni 5 😭🙏

Idi: Toboa mdogo wangu!! Idris Sultan alitoka Big Brother Africa na dola 300,000 mwaka 2014. Nani alimcheka baada ya hapo?

Shangazi Mwajuma: Marahaba Rama. Kontena la mizigo? La bati? Na joto hili la Dar?

Rama: Kuna feni shangazi. Ila zawadi za watazamaji zikifika kiwango fulani wanachagua uondolewe nini. Feni, godoro, au chakula cha usiku. Ndo mchezo wenyewe

Shangazi Mwajuma: Yaani mtu anatoa hela yake mfukoni ili wewe ulale chini?

Idi: Ndo kontenti hiyo shangazi 😂

Zuhura: Daktari yupo?

Rama: Kuna mtu wa huduma ya kwanza dada

Zuhura: Mtu gani? Kasomea wapi? Mimi nipo wodini kila siku, Rama. Mtu aliyezidiwa na joto si lazima aseme "naumwa". Anaanza kuongea ovyo. Na hao watazamaji watadhani unachekesha, watatuma zawadi zaidi.

Shangazi Mwajuma: Bibi yuko hapa pembeni, anauliza: mume wangu, hilo kontena lina choo?

Rama: Kipo bibi. Kamera haioneshi sana

Shangazi Mwajuma: "SANA"???

Idi: Jamani tusijifanye malaika. 2003 tulikesha kwa jirani mwenye dishi tukimwangalia Mtanzania mwenzetu Mwisho Mwampamba ndani ya Big Brother Africa. Bunge la Malawi likapiga marufuku ile shoo, sisi huku tunagombania viti

Shangazi Mwajuma: Wale walikula wakashiba. Mimi nilikuwa naangalia mapishi.

Idi: Iliyokuwa maarufu ni saa ya kuoga, shangazi

Shangazi Mwajuma: Nimesema mapishi.

Mjomba Haji: Naandika kirefu kidogo, mnivumilie. Mwaka 1998 huko Japani kijana mmoja mchekeshaji, Tomoaki Hamatsu, alijulikana kwa jina la Nasubi, maana yake bilinganya, kwa sababu ya uso wake mrefu. Alishinda bahati nasibu kwenye usaili, kama wewe. Wakamweka peke yake chumbani, wakamvua nguo zote, wakamwambia ataishi kwa zawadi za mashindano ya magazetini tu mpaka zifike thamani ya yen milioni moja. Akishinda mchele anakula mchele. Aliposhinda chakula cha mbwa akala hicho. Siku 335! Naye akidhani picha nyingi hazitarushwa, kumbe mamilioni wanamwangalia kila wiki wakicheka. Alipofikisha, wakampeleka Korea Kusini na kumwanzisha upya. Siku ya mwisho kuta za chumba zikaangushwa, akajikuta uchi katikati ya studio, watu wanapiga makofi.

Rama: Duh. Lakini mjomba huyo alidanganywa. Mimi nimeambiwa kila kitu, nasaini kwa hiari yangu

Mjomba Haji: Mlango wake haukuwa umefungwa. Angeweza kutoka. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba ile nguvu ya kusimama na kuondoka ndiyo iliyokwisha.

Idi: Mjomba hiyo ya zamani, siku hizi kuna haki za watu

Zuhura: 2025 ni zamani? Ufaransa, Agosti, yule jamaa aliyejiita Jean Pormanove. Alikuwa laivu zaidi ya siku kumi, wenzake wanampiga na kumdhalilisha, watu wanatuma hela. Alifia usingizini, kamera inawaka.

Rama: Hiyo niliisoma. Uchunguzi ulisema hakufa kwa kipigo

Zuhura: Ni kweli. Na kila aliyetuma hela amelala vizuri kwa sababu ya hiyo sentensi. Ile Squid Game ya ukweli ya Netflix, watu 456 wakishindania hela, ilikuwa na wahudumu wa afya na bado washiriki walilalamika kuhusu baridi. Nyie mna kontena na mtu mmoja mwenye plasta.

Idi: *Ujumbe huu ulifutwa*

Rama: Mnaongea sana lakini bosi wa bodaboda anataka hesabu yake. Nadaiwa miezi mitatu. Anachukua pikipiki Ijumaa

*(Hakuna aliyeandika kwa dakika ishirini hivi.)*

Mjomba Haji: Kwenye usaili walikuuliza habari za madeni?

Rama: Ndiyo. Walifurahi kweli. Walisema hiyo stori itagusa watu

Mjomba Haji: Piga picha mkataba uweke hapa. Kurasa zote.

JUMATANO

Mjomba Haji: Nimesoma. Kifungu cha tisa: mshiriki akitoka kabla ya muda bila idhini ya mtayarishaji, atalipa shilingi 800,000 za "gharama za maandalizi". Rama ulikiona?

Rama: Walisema ni utaratibu tu

Mjomba Haji: Nasubi mlango wake ulikuwa wazi. Wako una bei.

Zuhura: Na simu wanachukua. Kifungu cha sita. Kwa hiyo hata ukizidiwa unaniambiaje?

Shangazi Mwajuma: Bibi anasema asisikie tena habari ya kontena. Anasema hilo deni ungelisema mapema, siyo kwenda kuwaambia watu wa kamera kwanza.

Rama: Niliona aibu bibi

Mjomba Haji: Mimi natoa laki na nusu. Nani anafuata?

Zuhura: 80,000, nikipata mshahara

Idi: 30. Msinicheke

Shangazi Mwajuma: 50. Na Rama asubuhi unakuja kunifungulia duka, tutakatana humo humo.

ALHAMISI

Rama: Bosi kakubali nusu. Na wale nimewaambia siendi. Hawakubembeleza hata kidogo, walisema wana watu sitini wanasubiri nafasi yangu

Zuhura: Alhamdulillah.

JUMAMOSI

Idi: Wameanza!! Kuna dada wa Temeke ana mtoto mchanga kamwacha kwa mama yake. Saa hizi wanampigia kura ya godoro

Zuhura: Idi tafadhali.

Shangazi Mwajuma: Maskini. Wamelichukua?

Idi: Bado elfu arobaini

Shangazi Mwajuma: Hebu weka linki.